Waridi Aliyekataa Bugali ya Gereza

Mama mukubwa Waridi alifungwa siku saba pale Kasongo kwa sababu ya kuku tisa. Watu wananiambia, Aziza, yale yamepita. Kwangu hayajapita.

Alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, mke wa Sumaili mshona kanzu, na mimi nililelewa nyumbani mwao, mtaa wa Waislamu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Kila arusi aliitwa yeye kupika wali, maana hata ukiwa wa watu mia mbili ulitoka punje mojamoja. Basi mwaka wa 1953 akaanza kukonda. Mtungi mzima wa maji aliumaliza kabla ya adhuhuri. Kidonda kidogo cha jembe mguuni kikakataa kupona. Kisha tukaona sisimizi wamejipanga mstari kuelekea pale alipojisaidia haja ndogo.

Jean-Marie, munganga msaidizi wa dispanseri, mtu wa Lusangi, alichemsha mkojo wake katika chupa nyembamba pamoja na dawa ya buluu. Ile buluu ikageuka nyekundu kama tofali.

"Mama Waridi," akasema, "sukari iko mingi mu mwili wako. Tangu leo usikule bugali. Usikule wali, wala ndizi, wala kiazi, wala chai ya sukari."

"Basi nikule nini, mwanangu? Majani kama mbuzi?"

"Kula samaki, nyama, kuku, mayai. Sombe na uyoga. Tia mawese mingi, usiyaogope. Mafuta ndiyo yatakupa nguvu."

"Na dawa yenyewe?"

Jean-Marie akatazama chini. "Dawa ya sindano iko kwa hospitali ya Wazungu. Niliiomba kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Wakaniambia haiko ya wenyeji."

Mama mukubwa akarudi nyumbani na masharti matupu, bila dawa.

Alishika masharti. Mnasikia neno kushika mnadhani ni jambo jepesi. Kwetu mtu asiyekula bugali hajala, hata ukimpa ng'ombe mzima. Alipika sufuria ya nyumba, akatutengea, halafu akakaa pembeni na sombe yake, majani ya muhogo yaliyotwangwa, inayoelea katika mawese, na kipande cha samaki mkavu wa Nyangwe. Msimu wa kumbikumbi alikula kumbikumbi. Arusini walimwita mwenye majivuno: anawapikia watu wali asioula yeye, ameweka nini ndani? Mume wake mwenyewe, Sumaili, akamwambia mbele ya wageni, "Mwanamke anayekataa chungu cha mume wake anakula wapi?"

"Ninakula hapa hapa mbele ya macho yako," akajibu. "Weye ndiye hutaki kuona."

Mara moja tu aliteleza. Ilikuwa Idi, akachoka kuwa mgeni katika nyumba yake, akala sahani mbili za wali. Kwa juma zima kidonda kilitoa maji. Vidole viwili vya mguu vikaoza, Jean-Marie akavikata. Baada ya hapo hakuteleza tena. Akafuga kuku, mayai yakawa chakula chake cha asubuhi, na mwezi wa nne wa masharti dawa ya buluu ilipochemshwa ikabaki buluu.

Ndipo ikaja amri ya serikali. Wazungu wa ukaguzi walikuwa njiani kutoka Kabambare, na kila nyumba ilitakiwa itoe kuku na mayai kwa ajili ya meza yao. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imetulazimisha kulima mpunga, shamba kwa shamba, na msimamizi akipima kwa kamba. Yaani chakula kinachomuua walimlazimisha akilime, na kile kinachomponya wakaja kukichukua! Nani aliona haki kama hiyo?

Aliyetumwa ni Alimasi, polisi wa chifu, kijana wa mtaa wetu. Mama mukubwa akasimama mlangoni mwa banda.

"Chukua mupunga, Alimasi. Magunia yako pale. Kuku, hapana."

"Mama, nimetumwa kuku."

"Mama yako nilimpikia arusi yake. Rudi ukawaambie kuku hawa ni dawa yangu."

Wakaja watatu. Wakachukua kuku wote tisa, na yeye mwenyewe wakamchukua. Muzungu kijana aliyesimamia posti ya serikali hakumwuliza hata neno moja. Siku saba, kung'oa majani barabarani.

Gerezani chakula kilikuwa bugali na maharagwe, na sombe kidogo pembeni. Akala ile sombe tu, bugali akairudisha. Régina, jirani yetu Mkristo, akamletea mayai ya kuchemsha. Askari wakamzuia getini. Siku ya pili wafungwa wengine wawili nao wakarudisha sahani, wakidhani iko sababu. Hapo Wazungu wakashtuka. Siku zile waliogopa kila dini isiyokuwa yao, na mwanamke wa Kiislamu anayekataa chakula cha serikali kwao alikuwa fitina tupu. Siku ya tatu akaitwa ofisini. Sumaili naye akaletwa, nami nikamfuata.

"Ni nani amekufundisha kugoma?" muzungu akauliza.

"Mkojo wangu," akajibu mama mukubwa.

Kalaka, karani wa ofisi, aliogopa kutafsiri. Alipotafsiri, muzungu akawa mwekundu shingo nzima. Akaagiza sahani ya bugali, akaiweka mezani. Ale sasa hivi, ajulikane kama ni mgonjwa au ni mwongo.

Mama mukubwa alikuwa amelegea, midomo imepasuka, mguu umefungwa kitambaa. Akaisukuma sahani.

"Nimekwisha kukatwa vidole viwili. Sitakatwa cha tatu ili weye uamini. Mwili wangu si shule yako."

Sumaili, aliyekuwa akitazama sakafu, akainua kichwa. "Ni kweli, Bwana," akasema. "Ni mgonjwa. Mimi mume wake nilikuwa nikimcheka, na nilikosa."

Jean-Marie akaitwa. Alikuja na kitabu chake cha shule ya uganga, akakifungua mbele ya muzungu, akaweka kidole chini ya jina la ugonjwa, lililoandikwa kwa Kifaransa. Muzungu akasoma ukurasa mzima. Neno la mdomo wetu halikutosha, hata kidonda kilichonuka mbele yake hakikutosha. Karatasi ndiyo ilitosha. Akaruhusu mayai ya Régina yaingie. Lakini siku saba hazikupungua hata moja, na msamaha hakuomba. Kuku? Walikwisha kuliwa.

Alipotoka hakukaa Kasongo hata mwezi. "Sitafuga tena kwa ajili ya meza ya mutu," akasema, akahamia Nyangwe, kando ya mto, kwa ndugu zake wavuvi, ambako samaki hakosekani. Sumaili alimfuata na cherehani yake kichwani. Akamkuta ufukweni akipasua samaki.

"Ukikaa hapa, bugali utapika mwenyewe," mama mukubwa akamwambia bila kugeuka.

"Nitapika," akasema Sumaili.

Na alipika, vibaya, miaka tisa, mpaka mama mukubwa alipofariki. Mama mukubwa aliuona uhuru, akauona na mwaka wa tatu wake, akitembea kwa miguu yake juu ya vidole vinane. Siku ya uhuru wenyewe watu walicheza Nyangwe nzima. Yeye aliuliza jambo moja tu: kama yule muzungu wa posti amekwisha kuondoka. Alipoambiwa amekwisha kwenda kwao, akasonya, akaendelea kuanika samaki.