Nani wa Mwisho?

Nekoye alipohamia Yamumbi, watu wa chemchemi walikuwa bado wanateka maji kwa viwiko. Mwenye kiwiko kigumu alirudi nyumbani na maji, mwenye adabu alirudi na mtungi mtupu. Siku yake ya pili pale, mdomo wa ndoo ya mtu ulimpata usoni na jino la mbele likatoka. Hakulia. Aliliokota, akalifunga kwenye leso, akawageukia wale wanawake.

"Sasa sikizeni. Watu wakae kando, mitungi ndiyo itapiga laini. Mtungi haina kiwiko."

Sheria ilikuwa fupi, maana aliyeitunga alikuwa amefura mdomo. Ukifika chemchemini unauliza, "Nani wa mwisho?" Wa mwisho anaitika. Unaweka mtungi wako nyuma ya wake, na kuanzia hapo mtungi ni wewe. Nenda ukanyonyeshe, nenda ukagombane na mume wako, mtungi utakungoja, na hakuna wa kuugusa ila kuusogeza mbele. Hata uliotoboka ulishika nafasi. Wakati huo Mama Perez alikuwa na mtungi mmoja tu wa plastiki, nao ulivuja, na Nekoye hakuona kwa nini mtu anyimwe nafasi kwa sababu ya umaskini. Mtungi ni mtungi, alisema, na hayo maneno yakaingia kwenye sheria.

Mengine yote ya upande ule yalitoka hapo. Watu waliotolewa matopeni walihitaji pa kukaa, likaja gogo. Gogo likaleta mazungumzo, na mazungumzo makavu huchosha, basi Mama Perez akaleta mandazi. Kwenye mandazi kikazaliwa chama. Chama kikanunua hema na viti, na tangu hema lije hakuna aliyeolewa wala kuzikwa upande ule wageni wakinyeshewa. Babake Salma wa duka alipofariki, watu walivuta mitungi yao kando bila kuombwa, maji ya kumwosha mzee yakapita mbele. Salma hakusahau. Alianza kuongeza kipimo cha sukari, kidogo.

Nekoye, au Mama Khisa kama walivyomwita, hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na pengo. Mtu akileta ujeuri kwenye laini, Nekoye alitabasamu tu, pengo likaonekana, na mtu akakumbuka adabu.

Kisha mvua ikakataa. Watu walipanda mahindi, ndege wakala mbegu. Wakapanda tena, ndege wakashukuru. Bomba lililochomekwa kwenye ukingo wa chemchemi, lililozoea kutoa maji ya unene wa kidole gumba, likaanza kutoa uzi.

Nyumbani Nekoye alikuwa na ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, anayeitwa Sylvia, jina la mke wa zamani wa yule bwana aliyemuuza. Sylvia alikuwa ametoka kuzaa, na ng'ombe aliyezaa hunywa kama mtu anayezima moto. Mume wa Nekoye alienda Kitale kutafuta kazi, na inaonekana aliipata pamoja na mke, kwa hivyo maziwa ya Sylvia ndiyo yaliyokuwa baba wa nyumba. Sylvia akikauka, nyumba imekauka. Hesabu hiyo Nekoye aliijua bila ubao.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyeivunja sheria. Walianza kuitii kupita kiasi. Wabuge, mwendesha bodaboda, alikuja asubuhi moja na mtungi wake na mwingine usio na kitako.

"Na hiyo ya pili ni ya nini?" Nekoye akamuuliza.

"Ya kushika nafasi. Nikijaza hii nzima, naihamishia kwa nafasi ya hiyo ingine. Mtungi ni mtungi, Mama Khisa. Si ni wewe ulisema?"

"Nilisema."

Kesho yake kila mtu alikuwa na mitungi ya kushika nafasi. Ilitolewa kwenye vibanda vya kuku, mingine ilikuwa vipande. Salma akaanza kuiuza dukani.

"Salma, mbona uliotoboka ni ghali kuliko mzima?"

"Mzima utaibiwa, dada. Uliotoboka unakaa kwa laini mpaka ufike."

Nekoye alinunua. Akaongeza na nusu ya karai lenye mkono mmoja, akasema ni mtungi, na hakuna aliyebisha. Laini ikapanda mlima mpaka barabarani, boda zikawa zinaizunguka. Ilikuwa laini nzuri, imenyooka, na karibu yote haikuweza kushika maji.

Asubuhi ya Jumamosi ule uzi wa maji ulikatika mbele ya macho ya watu, ukarudi. Mandazi yakabaki midomoni. Nekoye alimsikia Sylvia akilia kule bandani, sauti nzito ya mtu mwenye madai. Mtungi wake mzima ulikuwa katikati ya mlima, nyuma ya maiti za plastiki za watu wengine. Akaunyanyua, akaanza kuteremka polepole, kama anayekwenda kutoa sadaka.

"Mama Khisa, unaenda wapi?" Wabuge akauliza.

"Kuangalia bomba."

"Na mtungi?"

"Naangalia nayo."

Basi wote wakaenda kuangalia. Wabuge alipita juu ya mitungi, Mama Perez alitumia karai la mafuta ya mandazi, kwa bahati lilikuwa limepoa. Salma, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alimuuma mtu mkono, na mtu huyo alikuwa mweka hazina wa chama. Gogo likabiringika mpaka bondeni. Kisha ukingo ukaporomoka, bomba likachomoka, na chemchemi ikawa uji. Kazi ya miaka yote hiyo ilibomoka kabla sufuria ya chai kuchemka, na kila mmoja akabaki na tope lake.

Wabuge alilirudisha bomba, akalishindilia kwa mawe. Wakasimama kungoja lisafike.

"Haya, nani wa kwanza?" Mama Perez akauliza.

Wa kwanza walikuwa wote. Kila mtu alikuwa na ushahidi, na wengine walikuwa na mashahidi. Sylvia akalia tena. Nekoye alijaribu kutabasamu, lakini lile pengo siku hiyo lilikuwa pengo tu.

"Chukua wewe basi, Mama Khisa," Wabuge akasema. "Laini ulianza wewe, na hii vita ukaanza wewe. Maliza."

Wangemwacha achukue. Alijua. Wangemwacha, halafu kesho kila mmoja angekuja na rungu. Akaubeba mtungi wake, akawapita wote, akapanda mpaka mwisho wa watu, akauweka chini.

"Niulizeni."

"Tukuulize nini?"

"Kwani mmesahau kuuliza?"

Mama Perez akapangusa matope usoni. "Nani wa mwisho?"

"Ni mimi."

Nafasi ya mwisho haikuwa na mgombeaji mwingine. Salma akaja akaweka wake mbele ya Nekoye, akisema yeye si mtu wa kugombania juu. Yule mweka hazina aliyeumwa akaweka wake mbele ya Salma, hakutaka awe nyuma ya mgongo wake. Laini ikajengwa kutoka nyuma, mtu kwa mtu, mpaka kwa Wabuge, aliyejikuta wa kwanza na kuona haya kidogo. Mitungi iliyotoboka ikatupwa kando, na sheria ikaongezwa. Ukitiliwa shaka unaupuliza mtungi mbele ya watu, ukipumua pembeni, hauhesabiwi. Salma alibaki na mzigo dukani.

Nekoye alifika bombani jua likiwa limeinama. Sylvia alikunywa yote, na tope lake, akamtazama, akaomba mengine. Maziwa yalipungua nusu, na nusu iliyobaki ndama aliidai kwa nguvu za kisheria. Nyumba ilikula sukuma wiki mpaka mvua ilipokubali, lakini Sylvia hakukauka.

Asubuhi iliyofuata vita vile, alikuja mpangaji mpya na mtungi wa bluu, akasimama pale gogo lilipokuwa.

"Habari zenu. Nani wa mwisho?"

Watu wote wakamtazama Nekoye.

"Leo si mimi," akasema, akatabasamu, na Wabuge akasogeza mtungi wake mpaka nyuma, akaitika, "Ni mimi."