Karatasi ya Mama Neema

Leo Krismasi, bakuli la sukari limefichua siri ya miaka mingi.

Tulikuwa kwangu Ilemela, tunakunywa chai. Mama yangu yupo, na Mama Neema, jirani yetu wa zamani kijijini, kavuka ziwa kwa meli kutoka Nansio.

Enzi za Ujamaa sukari ilikuwa ya foleni. (Wa rika langu mnakumbuka!) Krismasi ikifika, kila nyumba katika zile kumi za ujirani wetu kijijini ilileta kijiko kimoja cha sukari, kimefungwa kwenye karatasi. Mama alizifungua mbele ya watu, akamimina kwenye sufuria moja ya chai. Tulikunywa wote.

Basi leo namsogezea Mama Neema bakuli, yeye halishiki.

"Dada," akamwambia mama yangu, "mwaka ule nilipofiwa na mume, karatasi yangu ilikuwa tupu. Nilitaka tu wanangu wanywe na wenzao. Nisamehe."

Jamani. Miaka yote hiyo kabeba karatasi tupu! Ninyi mngesema nini?

Mama akamtilia vijiko viwili, akamkorogea polepole.

"Nilijua, mdogo wangu. Ndiyo maana yako niliikung'uta mara tatu, watu wote waone."