Ujumbe wa Fundi Kondo

Harufu ya mafuta ya taa juu ya chuma hunirudisha Tabora hata nikiwa nachagua vitunguu sokoni. Juzi jirani alikuwa anasafisha mnyororo wa baiskeli yake, upepo ukaniletea harufu ile, nikaacha kufua nikakaa kwenye ngazi. Mwanangu akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilimdanganya. Ninyi sitawadanganya.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alikuwa na pikapu kuukuu, na wiki ile ilianza kukaa chini nyuma upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Jumamosi ilikuwa harusi ya binamu yangu kule Bukene, na pikapu hiyo ndiyo ingetupeleka. Nilikuwa nimeshonewa gauni la manjano lenye mikono ya puto. Nililijaribu mara nyingi mpaka mama akalificha.

Fundi wa baba aliitwa Kondo, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani, na hawa wawili waliutumia utani huo mpaka basi. "Mwambie mtumwa wangu," Kondo alizoea kuniagiza, "hili si utani, nimeshamuuza, afunge virago." Baba naye alinirudisha na tusi lake. Kazi hiyo ya ujumbe niliipenda kuliko shule, maana kila nilipofikisha neno, watu wazima walicheka wakijishika mbavu.

Ijumaa asubuhi Kondo alikuja, baba yuko stesheni anapokea wageni. Alianza na upepo wa matairi, akakuta uko sawa. Akashusha magunia ya mchele yaliyokwisha kupakiwa, lakini pikapu ikabaki imeinama vilevile. Akasema labda ni uwanja wetu tu, maana ulikuwa na mteremko, akaisogeza kwenye sakafu ya saruji tuliyoanikia mpunga. Hapo akapima kwa kamba, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, akafunga fundo, akaipeleka kamba upande wa pili. Tofauti ilikuwa vidole vinne.

Basi akaingia uvunguni. Springi za gari lile zilikuwa bapa za chuma zilizolaliana, naye akawa anazigonga kwa spana moja baada ya nyingine. "Sikiliza," aliniambia. Zote zililia vizuri, isipokuwa moja iliyojibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaniita nitambae nione. Ulikuwa ufa mwembamba, mweusi, na niliuona kwa macho yangu mawili.

"Mwambie baba yako asipakie mtu wala gunia," alisema. "Mimi nawahi basi la Nzega nikatafute bapa nyingine. Hili si utani."

Neno la mwisho nililizoea, alilisema kila siku. Lakini safari hii hakusema mtumwa wangu, alisema baba yako. Mtoto aliyelelewa katika utani anaijua tofauti hiyo, msije mkanitetea.

Baba alirudi na wageni, uwanja ukajaa vigelegele. "Haya, mtani wangu kasemaje?" Macho yote yakanigeukia, tayari kucheka. Nikaliwaza gauni langu. Nikasema, "Anasema gari ni zima, limeinama kuwaamkia Wazaramo."

Lo! Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake wakapakia magunia, na juu ya magunia wakapanda watu.

Bukene hatukufika. Kwenye korongo moja springi ilikatika, pikapu ikalalia ubavu, na shangazi Nyamizi, aliyekuwa akiimba kuliko wote, akarushwa nje. Hakufa, namshukuru Mungu. Ila mkono wake wa kulia haukunyooka tena, na tangu siku ile ugali wa nyumbani kwake walisonga wengine.

Jumatatu Kondo alikuja na bapa mpya begani, anapaza sauti toka barabarani, "Watumwa wangu, hamjambo?" Baba akatoka mlangoni. "Uliliona gari langu limeinama, ukaniletea mzaha?"

Kondo alinitazama. Nilikuwa nimeng'ang'ania nguzo ya baraza, nikijua kwamba akisema neno moja tu nimekwisha. Kisha akamgeukia baba. "Nilikosea," alisema. "Ningekusubiri." Akailaza bapa chini taratibu, akaenda zake.

Baba hakumtukana tena. Wakikutana sokoni alimwita Bwana Kondo, akamuulizia watoto, akapita. Mgeni angeona ni heshima. Mimi nilijua kilichokufa pale, na nikanyamaza, nikijiambia nitasema nikimaliza shule, kisha nikiolewa, kisha nikijifungua.

Baba alifariki nikiwa na watoto wawili. Kwenye misiba yetu watani hufanya fujo, wanazuia jeneza, wanajilaza kaburini, mpaka wafiwa wanacheka huku wanalia. Wazaramo walikuja wakafanya yao. Kondo hakujiunga nao, alikaa nyuma kabisa, kofia magotini.

Nilimfuata nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba amekufa hajui," nikasema. "Sikumwambia."

"Najua," alijibu. "Kila tulipokutana sokoni nilimtazama usoni kwanza, nione kama umeshamwambia."

Jamani. Miaka yote nilidhani siku ile mlangoni aliniokoa na fimbo, yakaisha. Kumbe aliniachia nafasi ya kusema mwenyewe, akaingojea mpaka tumemfukia rafiki yake. Nilitaka anitukane, hata mbele za watu. Alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akanipa pole ya msiba kama alivyowapa wengine.