Mteremko wa Zahanati

Jina la Pancha alipewa enzi akiziba matairi kando ya barabara, na likamganda hata alipofungua gereji yake na kuwa fundi wa pikipiki wa kutegemewa. Gereji ilijaa kuanzia asubuhi. Pikipiki iliyosubiri kuliko zote ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa muuguzi. Zahanati yake ilikuwa bondeni, chini ya mteremko mrefu wa changarawe, na kutoka hapo alizunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Kazi hiyo aliipenda kufa. Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akisimulia bibi gani leo kala, babu gani kamfukuza kwa fimbo halafu akamwita arudi.

Siku moja alisimamisha pikipiki mlangoni mwa gereji. "Baba watoto, usukani unacheza. Nikishuka ule mteremko unatikisika mpaka mikono inakufa ganzi."

Pancha hakuinua hata kichwa. "Legeza mikono. Unaushika kama unakamua blanketi."

Wateja waliangua kicheko. Mkewe naye akatabasamu kidogo, akawasha, akaenda.

Alipolalamika tena, Pancha alimwaga mafuta ya shokapu za mbele akatia mapya, akazikaza springi zikawa ngumu kama jiwe. Kuiendesha hakuiendesha. Badala yake alimkalisha mkewe juu ya pikipiki mbele ya watu, akamwonyesha namna ya kushika usukani, kama anayefundisha mtoto baiskeli. "Ikitikisika tena," akasema, "tutajua mbovu ni dereva."

Baada ya hapo malalamiko yalikoma. Pancha akatembea kifua mbele.

Miezi ikapita. Asubuhi moja muuza maziwa alileta pikipiki yake kubadilishiwa mnyororo, na huku anasubiri akaanza utani. "Shemeji yangu anafanya mazoezi siku hizi? Kila nikipita mteremkoni namkuta anaishusha pikipiki kwa kuikokota, jasho linamchuruzika. Au mke wa fundi hana breki?"

Gereji nzima ilicheka. Pancha alicheka nao, lakini yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Jumapili aliichukua pikipiki, akaenda nayo juu ya mteremko. Mwanzoni ilitulia. Ilipochanganya mwendo usukani ukaanza kutetemeka, kisha ukapiga huku na huku kama kichwa cha mbuzi anayekataa kamba. Aliponea chupuchupu kuingia mtaroni. Alipofanikiwa kusimama, aliiegesha akaketi juu ya jiwe. Mkewe alishuka hapa mara ngapi kabla ya kuamua kutembea?

Nyumbani aliipandisha kwenye stendi, gurudumu la mbele likaning'inia. Akashika shokapu zote mbili kwa chini, akavuta na kusukuma. *Ko, ko.* Akageuza usukani polepole. Ulipofika katikati ukanasa. Gololi za shingo ya usukani zilikuwa zimekwisha, zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake. Shokapu hazikuwa na kosa; kule kuzikaza kulizidisha balaa tu. Kosa lilikuwa jepesi, la kuonekana kabla chai haijapoa.

Mkewe alitoka na beseni la nguo, akamkuta mikono imejaa grisi.

"Kwa nini hukuniambia?" Pancha akauliza.

"Nilikuambia."

"Nasema baadaye. Kwamba unashuka kwa miguu."

"Ili unikalishe tena mbele ya watu?" Hakupandisha sauti. Alikuwa anaanika shati la mumewe, akilinyoosha mikono. "Nilichoka kuwa kichekesho, baba watoto. Halafu nikawa nachelewa kwa wagonjwa. Mwezi uliopita nikaomba wanihamishie stoo ya dawa. Kesho naanza."

Pancha akaweka spana chini. "Na wazee wako?"

"Wamepewa muuguzi mwingine. Kijana mzuri tu. Bibi mmoja amegoma kula, anadai mpaka mimi nifike." Akainama kuchukua nguo nyingine.

Pancha alifunga gololi mpya, akaurudisha ulaini wa springi, akaijaribu mwenyewe mteremkoni mpaka akaachia mkono mmoja. Ilikwenda imenyooka. Alikwenda hata kwa mganga mkuu wa zahanati kuomba mkewe arudishwe. Akajibiwa kwa adabu kwamba nafasi imeshajazwa.

Mkewe aliiendesha mara moja, akazunguka mtaa, akarudi. "Imepona kweli," akasema. "Ahsante." Akamkabidhi ufunguo.

Sasa kila asubuhi Pancha humpakia nyuma hadi zahanati. Wanashuka mteremko, usukani umetulia. Chini mkewe hukung'uta gauni, humuaga, akaelekea mlango wa stoo. Pancha hutaka kumwambia neno. Mara zote huishia kumuuliza atarudi saa ngapi.