Jina Langu Hawakuliandika

Bamaman, akina mama wenzangu mnaongojea upasuaji, kabla ya haya nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nikinunua nyanya Rwimbogo, upande huu wa mpaka, nikizivusha hadi Bukavu nilikozaliwa, kwa beseni kichwani. Jumapili niliimbisha kwaya. Mume wangu ni seremala.

Uchungu wa mimba ya pili ulinishika siku tatu. Mtoto alitoka amekufa. Wiki moja baadaye mkojo ukaanza kutoka wenyewe, nikilala, nikitembea. Mapaja yalichubuka, yakatoa usaha. Nilijifunga vitambaa, lakini harufu haifungwi.

Daktari aliniambia, "Ni fistula. Kuna tundu kati ya kibofu na uke. Tutalishona."

Zamu yangu ilikuwa baada ya miezi mingi. Wakati huo alikuja msichana mtafiti aliyekuwa akiandika kijitabu kuhusu wagonjwa wa fistula. "Maman, unielezee yote. Jina yako haitaandikwa." Nilimweleza yote, hata kwamba mume wangu alishahamia chumba kingine.

Hakudanganya. Jina halikuandikwa. Lakini kijitabu hicho kilipogawiwa parokiani, kilisema: mwimbishaji wa kwaya, mvusha nyanya, mke wa seremala, mzaliwa wa Bukavu. Hapa kwetu huyo ni mmoja tu. Mama mkwe alikileta nyumbani. "Kumbe unatembeza aibu ya mutoto wangu mu vitabu?" Mume wangu alikisoma hadi mwisho, akafunga randa na misumeno yake, akaenda zake.

Niliacha kwaya. Siku ya upasuaji sikwenda. Niliona kama kila muuguzi ameshanisoma. Nikawa sinywi maji ili nisilowe. Homa ikanishika, mgongo ukauma, mkojo ukawa damu. Dada yangu alivuka kutoka Bukavu, akanikuta natetemeka.

"Unataka kufa sababu ya karatasi?" Akanipakia kwenye pikipiki hadi hospitali.

Walitibu figo kwanza, kisha wakalishona lile tundu. Mpira wa mkojo ulikaa wiki mbili. Ulipotolewa, kesho yake niliamka kwenye shuka kavu. Nililia.

Mtafiti alirudi, akapiga magoti. "Maman, unisamehe. Nilificha jina, nikakuacha wewe wazi." Vijitabu alivikusanya. Maneno ya watu hakuyaweza. Mume wangu hajarudi.

Namshukuru Mungu, dada yangu, na mikono ya daktari. Nanyi msikimbie matibabu. Mtu akitaka kuandika habari zako, akusomee kwanza alichoandika. Ukisikia jirani atakutambua, kataa.

Yule msichana aliomba aandike pia nilivyopona. Nilimjibu, "Andika kama kuko mwanamuke mumoja alipona. Inatosha."