Maharage ya Musienene

Kila msimu wa maharage mabichi ukifika sokoni Butembo, namkumbuka msichana mmoja. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, kazi yangu ni kuzunguka mitaani nikitembelea watu majumbani, na kati ya wote niliowatembelea ni yeye aliyenibakia moyoni.

Alikuwa na miaka kama kumi na tisa, na alikuwa anajijeruhi mikono. Mama yake ndiye aliyekuja kuniita, akilia. Nami kwa kiherehere changu nilishuka kwenye pikipiki mlangoni kwao nimevaa koti jeupe la hospitali, glavu tayari mikononi. Glavu! Katika mji ambao Ebola iliuachia makaburi. Majirani wakaingiza watoto ndani, mmoja akapiga kelele kwamba ugonjwa umerudi. Msichana akajifungia.

"Mama wa blouse hapana kuingia humu!" alisema kutoka ndani, akimaanisha koti langu jeupe.

Nilirudi nyumbani nikijilaani. Asipofungua tena, nani atamwona?

Juma lililofuata nilikwenda kwa miguu, nimevaa kikwembe kama mama yeyote wa mtaani, na kapu la maharage mabichi kutoka Musienene, kijiji cha jirani, kichwani. Nikaketi uani na mama yake, tukaambua. Mgeni anayeambua maharage, jirani hamshangai. Siku ya tatu msichana akatoka, akaketi, akaanza kuambua nasi. Mikono ya sweta yake ilishuka hadi vidoleni, nami nilijikaza nisiitazame. Tuliongea habari za mvua, bei ya viazi, na kwaya yao iliyoharibu wimbo Jumapili. Alicheka sana. Nakiri, asubuhi zile nilizipenda kuliko kazi yangu yote.

Siku moja akaacha kuambua. Akakunja sweta mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, angalia," aliniambia.

Nikapapasa ndani ya kapu. Maharage tu. Aibu ilinijaa.

"Ee mwanangu, bandeji niliacha kwa nyumba."

"Hapana bandeji," alisema. "Angalia tu."

Bandeji nilimletea mchana ule ule. Lakini kwanza niliangalia, polepole, mkono mmoja kisha wa pili, na yeye akanitazama usoni muda wote. Mama yake akasogeza kigoda, akaangalia pia, na kwa mara ya kwanza hakulia.