Viti Vilivyolegea vya Duka la Skogen

Miaka mingi ya kuishi Arizona ilimwondolea Ardis Tollefsrud baridi ya mifupa, ikamwondolea na adabu za kwao Minnesota. Alirudi Skogen mjane, akalinunua duka la marehemu Lindvall lililokuwa limefungwa tangu mzee huyo afariki, na akaanza kumwambia kila mtu waziwazi anachotaka. Kwa watu wa Skogen huo ni ugonjwa, ila kwa kuwa mgonjwa ni wa kwao, walimvumilia.

Duka lilikuwa la kila kitu: misumari, unga, mabuti, chambo, nyuzi za kufumia. Lakini roho yake ilikuwa kule nyuma, kwenye jiko la kuni, ambako enzi za Lindvall watu walishinda wakiisengenya hali ya hewa. Hicho ndicho Ardis alichokitaka kirudi. Tena alikuwa na haraka, maana halmashauri ya mji ilikuwa inataka kulibomoa jengo ipate mahali pa kuegesha magari ya kusukumia theluji. Walimpa muda mpaka barafu ya ziwani iyeyuke, aonyeshe kwamba mji bado unalihitaji.

Basi akapaka rangi, akalizungushia jiko viti, akachemsha kahawa, akaoka keki ya tufaha na kubandika kibao: KARIBUNI MKAE. KAHAWA NI BURE. JIHUDUMIENI. Masikini Ardis! Afadhali angeandika kuwa mle ndani mna ndui.

Skogen mtu hapokei kitu kwa kuambiwa mara moja. Unakaribishwa, unakataa. Unakaribishwa tena, unasema ndiyo kwanza umetoka kula. Ukishikiliwa sana ndipo unasema haya, nusu kikombe, kama mlikuwa mnaimwaga. Sasa kibao kitamshikilia nani? Watu waliingia, wakakisoma, wakasema pamependeza, wakanunua betri na kutoka. Keki ililiwa na Ardis peke yake, na sketi zake zikaanza kulalamika.

Asubuhi moja akaingia Verlyn Haugen, mgane wa marehemu dada yake Corinne, kununua tumbaku. Akasimama karibu na jiko, kofia mkononi.

"Kaa, shemeji."

"Aa, napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Nyumbani kwako hata paka kahama."

"Hajahama. Katembea."

"Haya, simama hivyohivyo kama nguzo ya umeme."

Verlyn akaegemea kiti, kiti kikayumba. Akakipindua, akakitazama miguu kama daktari. "Nani kakuundia hiki?"

"Fundi wa mjini."

"Mh!" Akatoa bisibisi kwenye koti, akavuta kiti cha pili, akaketi kufanya kazi. Ardis, safari hii bila kusema neno, akamwekea kahawa na kipande cha keki karibu na mkono. Verlyn alikunywa, akala, akaongezewa, na alipoondoka ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

Ardis akabaki amekikodolea macho kile kikombe kitupu. Kumbe watu hawa kupokea wema ni aibu kwao, lakini kutoa ni raha! Alipofunga duka jioni ile, akachukua bisibisi akalegeza viti vyote.

Tangu hapo akawa hajui kitu. LaVonne wa kwaya aliombwa afumue nyuzi zilizotatana, na zilitatana kila wiki. Mchungaji aliulizwa kwa nini jiko linafuka moshi. Bomba la jiko likazua mabingwa watatu, hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na ubishi wao ukavuta wasikilizaji wenye maoni yao. Kahawa ikanywewa kwa birika, maana sasa ilikuwa ujira.

Wajumbe wa halmashauri walipokuja kukagua, walikosa pa kukaa.

"Hapa nafasi hamna," LaVonne akawaambia, "labda kama mnajua mambo ya bomba."

Mmoja wao akavua koti. Habari ya kubomoa haikusikika tena.

Ardis akashukuru Mungu na kuipumzisha bisibisi, maana kifundo cha mkono kilikuwa kinamuuma. Lakini viti vikaendelea kuyumba. Akamsubiri Verlyn abaki peke yake, amepindua kiti mapajani.

"Shemeji, nina jambo. Hivi viti nilikuwa navilegeza mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Kiti hakilegei miguu yote minne kwa usiku mmoja, Ardis. Unadhani mimi mjinga?"

"Lakini nimeshaacha. Sasa nani analegeza?"

Verlyn aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakaza.

"Mimi," akasema. "Kule nyumbani hakuna kilichoharibika."

Ardis alimwonea huruma, na akajionea haya kwa kuwa miezi yote hiyo alikuwa akililia jengo tu. Angemkumbatia, lakini mtu wa Skogen angekimbilia mlangoni. Akachomoa ufunguo wa akiba kwenye msumari, akamtupia.

"Asubuhi uwe unakuja wewe kuniwashia jiko. Mimi siliwezi."

"Alfajiri yote hiyo?" Verlyn akanung'unika. "Na baridi hii?"

Lakini ufunguo alikuwa ameshautia mfukoni, na mkono wake hakuutoa.